Mabwawa ya kambamiti ndani ya mikoko: NPV inasema ndiyo. Hesabu imekamilika?

Mezani_Mipango

Wakuu, habari za majukumu. Nina andiko la mradi wa ufugaji wa kambamiti, hekta 40 kwenye hori lenye mikoko, pwani ya kusini. Kabla halijaingia kamati ya fedha na mipango linatakiwa liwe na uchambuzi wa gharama na faida. Tarakimu nimezizungusha ili mradi usitambulike, uwiano ni uleule. Zote ni milioni za shilingi za Tanzania.

Uwekezaji mwaka 0: 2,400
Mauzo kwa mwaka: tani 3 kwa hekta × hekta 40 × Sh 18,000 kwa kilo = 2,160
Chakula na vifaranga: 820
Dizeli na umeme: 210
Mishahara: 240 (vibarua wa kawaida 150)
Matengenezo: 80
Kodi na ushuru: 110
Riba ya mkopo: 100
Kinachobaki: 600 kila mwaka kwa miaka 10

Bei ni za leo, sijapandisha chochote kwa mfumuko. Kwa kiwango cha punguzo (kinachoshusha fedha ya miaka ijayo kuwa thamani ya leo) cha asilimia 12, Excel inanipa NPV, yaani thamani ya leo ya faida ukitoa gharama, ya 884, na IRR, kiwango ambacho NPV inakuwa sifuri, ya asilimia 21. Njia ya umeme hadi kwenye eneo italetwa na serikali kwa 350. Haimo kwenye andiko.

Maswali yangu: (1) Benki inamkopesha mwekezaji kwa asilimia 16. Nitumie hiyo badala ya 12? (2) Kodi na ushuru niziandike upande wa faida? Madiwani wanazipenda sana. (3) Mikoko naipa bei gani? Nimekutana na takwimu ya dola 12,392 kwa hekta. Nizidishe kwa 40, nitoe, basi? (4) Mdau mmoja wa mazingira anasisitiza nitumie asilimia 3.5 kama Waingereza, eti hapo mikoko itashinda yenyewe. Kweli?

---

Mkadiriaji

Mkuu, kabla ya maswali, rekebisha hiyo 884. Jibu sahihi la tarakimu zako ni 990. Fomula ya NPV ya Excel huchukulia namba ya kwanza uliyoipa kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiuingiza mwaka 0 ndani ya mabano, safu nzima inasogea mwaka mmoja mbele na jibu linagawanywa kwa 1.12. 990 ÷ 1.12 = 884, umeona. Andika =NPV(12%,C3:C12)+C2, ambapo C2 ni ule uwekezaji ukiwa na alama ya kutoa. IRR haiathiriki, ndiyo maana hukushtuka. Kosa hili liko kwenye maandiko mengi kuliko unavyodhani.

Swali la kwanza. Asilimia 16 ya benki ina mfumuko wa bei ndani yake, na bei zako hazina. Usichanganye. Mfumuko ukiwa asilimia 4, kiwango halisi ni 1.16 ÷ 1.04 kutoa 1, yaani asilimia 11.5. Kwa hiyo 12 haikuwa mbaya kama unatazama mfuko wa mwekezaji. Ila wewe hukuulizwa kama mwekezaji atapata faida, hilo ataliangalia mwenyewe na benki yake. Umeulizwa kama jamii inapata zaidi ya inachopoteza. Hizo ni hesabu mbili, majedwali mawili.

Kwenye jedwali la jamii, kodi si faida wala si gharama. Ni fedha inayotoka mfuko huu kwenda mfuko ule ndani ya nchi ileile. Kwa hiyo ile 110 uliyoitoa kama gharama, irudishe, na ukiisharudisha usiiandike tena kama faida, utakuwa umeihesabu mara mbili. Riba ya 100 nayo irudishe: mtaji wote umeshautoa mwaka 0, kutoa na riba ni kulipia kitu kilekile mara ya pili. Wakikuuliza madiwani, watengenezee jedwali la tatu la mapato ya halmashauri peke yake. Ni taarifa halali, ila isivalishwe jina la uchambuzi wa gharama na faida.

Mishahara ina jambo lake. Gharama ya kibarua kwa jamii ni kile ambacho angezalisha kama asingekuja kwako. Kama angekuwa anashinda bila kazi au kwenye kibarua cha msimu, unatumia bei kivuli iliyo chini ya mshahara. Nimechukua 0.6, kwa hiyo 150 inakuwa 90 na unarudisha 60. Lakini usiinakili 0.6 yangu bila kuuliza. Mabwawa yakihitaji watu Oktoba hadi Desemba, wakati korosho zinaokotwa, kijana huyo anaacha kazi ya kweli na bei kivuli inapanda karibu na mshahara kamili. Andika umeipataje, mstari mmoja unatosha.

Kama kuna mashine za kutia hewa majini zilizosamehewa ushuru wa forodha, usizirekebishe, kwa sababu bei bila ushuru ndiyo bei ya kiuchumi. Njia ya umeme ya 350 ndiyo ya kuingiza. Nchi inaitumia fedha hiyo, haijalishi mwekezaji anaiona au haioni.

Sasa ona. Mtaji 2,750. Kila mwaka 600 + 110 + 100 + 60 = 870. Kwa punguzo la asilimia 10, ninalotumia kwenye jedwali la jamii, miaka 10, kizidisho (thamani ya leo ya shilingi moja inayopatikana kila mwaka) ni 6.1446, unapata 5,346, ukitoa 2,750 inabaki +2,596. Mradi umekuwa mtamu zaidi kuliko wa mwekezaji mwenyewe! Usishtuke. Uchambuzi wa jamii haukuumbwa ili kukataa miradi, na mtu akikuletea wa kukataa tu, mkague kama unavyomkagua wa kukubali tu.

Ila sijagusa tani 3 wala miaka 10. Hapo naomba watu wa mabwawa waseme.

---

KaaKoko

Nimeitwa. Tani 3 kwa hekta kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo, ndani ya udongo wa mikoko: hiyo ndiyo namba ya kushika shingo, si bei ya mikoko.

Kwanza muulize mwekezaji hekta 40 ni za eneo au za maji. Kingo, mifereji ya kuingizia na kutolea, na bwawa la kutulizia maji machafu huchukua robo ya eneo kwa urahisi. Maandiko mengi huzidisha mavuno ya hekta ya maji kwa hekta za hati.

Pili, udongo. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa yaliyolala chini ya maji bila hewa. Ukilichimba ukajenga nalo kingo, likakauka likapata hewa, linatoa tindikali. Mvua ya kwanza ya masika inaiosha kutoka kwenye kingo kuingia bwawani, pH inashuka, mara nyingine chini ya 4, na kambamiti laini waliotoka kujibadilisha gamba ndio wanaanza kufa. Tiba ni chokaa na kusafisha kwa kujaza na kumwaga maji mara nyingi kabla ya kupanda. Angalia hiyo 820 ya chakula na vifaranga: chokaa imo? Kama wamepima udongo, ripoti ya sampuli za kina cha mita 1 hadi 1.5 iko wapi? Sampuli ya juu tu haioneshi kitu, tatizo liko chini.

Tatu, virusi vya madoa meupe. Vikishaingia kwenye bwawa, vinaweza kumaliza karibu wote ndani ya siku 3 hadi 10, na kaa wa porini wanavibeba. Hori lenye mikoko lina kaa kila mahali. Huwezi kuandika hasara hiyo kama "hatari ipo" kwenye aya ya mwisho ukaacha jedwali lisomeke kama hakuna kinachokufa. Weka kwenye mavuno: msimu mmoja kati ya kadhaa haupo.

Thailand, ambako walichimba mikoko kwa wingi miaka ya 1980 na 1990, uchambuzi wa kiuchumi ulichukulia bwawa linazalisha vizuri miaka 5 tu, baada ya hapo mavuno yanaanguka na watu wanahama kuchimba kwingine. Sisemi na hapa ni 5. Nasema 10 bila kushuka hata kilo moja inahitaji ushahidi, na mzigo wa kuuleta ni wa mwekezaji.

Mkadiriaji, jaribu tani 2.4 na miaka 7. Hiyo ni punguzo la asilimia 20 tu, wala si ukatili.

---

Mkadiriaji

Haya. Tani 2.4 × 40 × 18,000 = 1,728, mauzo yameshuka 432. Chakula kidogo kinaokolewa, nimeweka 80. Baki ya mwaka ni 870 − 352 = 518.

Kwa asilimia 10:
Miaka 10: 518 × 6.1446 = 3,183, NPV +433
Miaka 7: 518 × 4.8684 = 2,522, NPV −228

Mradi umezama na hatujaipa mikoko hata shilingi moja. Hili Mezani liweke ukurasa wa kwanza. Ukianza na thamani ya mikoko, kikao kizima kitabishana kuhusu mikoko, na tani 3 zitapita kimyakimya.

---

Pwani_Uchumi

Nijibu la tatu. Hiyo 12,392 naifahamu. Inatoka kwenye kazi ya mchumi Edward Barbier kuhusu kusini mwa Thailand, iliyochapishwa 2007, na ni thamani ya sasa kwa hekta kwa kipindi cha 1996 hadi 2004 kwa punguzo la asilimia 10. Si ya mwaka mmoja! Ukiizidisha tena kwa miaka, umeharibu. Imejengwa hivi: mazao ya msitu dola 584, malezi ya samaki 987, ulinzi wa pwani dhidi ya dhoruba 10,821. Yaani asilimia 87 ya thamani yote ni dhoruba.

Ndiyo maana huwezi kuihamishia kwetu hivi hivi. Ile 10,821 ilipatikana kwa kuangalia matukio ya majanga ya pwani Thailand na jinsi upungufu wa mikoko ulivyoongeza hasara. Pwani yetu vimbunga vinafika, Lindi 1952 inakumbukwa na Hidaya ilipita Mei 2024, lakini si kwa wingi wa Ghuba ya Thailand au Bengal. Kwetu ulinzi wa mikoko ni zaidi dhidi ya mawimbi ya kila siku yanayokula ukingo, na maji ya chumvi yanayopanda kwenye majaruba ya mpunga. Hesabu hicho: hekta ngapi za mpunga ziko nyuma ya hori, zinatoa gunia ngapi, na ngapi zingepotea. Kama nyuma ya hori hakuna shamba wala nyumba, thamani ya ulinzi inakaribia sifuri hata kama mikoko ni mizuri namna gani. Wapenzi wa mikoko hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo.

Jihadhari pia na njia ya "ukuta mbadala", yaani kuchukua gharama ya kujenga ukuta wa zege na kuiita thamani ya mikoko. Inakupa namba kubwa mno. Inakubalika tu kama ukuta unafanya kazi ileile, ni njia rahisi kuliko zote, na watu kweli wangeujenga mikoko isingekuwepo. Kijiji kisichoweza kujenga zahanati hakingejenga ukuta wa mabilioni.

Upande wa mabwawa kwenye kazi ileile unafundisha zaidi. Faida ya kibiashara ilikuwa dola 9,632 kwa hekta. Ukitoa ruzuku ambazo serikali ilikuwa inazitoa, 8,412, inabaki 1,220. Na kurejesha mikoko kwenye bwawa lililoachwa ni 9,318. Ukisoma hizo tatu pamoja huhitaji hata kufika kwenye dhoruba.

Sasa samaki. Kosa la kawaida ni kuchukua thamani ya samaki wote wanaouzwa mwaloni na kuibandika kwa mikoko. Unachotafuta ni tofauti: hori likipoteza hekta 40 kati ya, tuseme, 900, mavuno ya kambamiti, kaa koko na samaki wachanga yanapungua kiasi gani, kisha unatoa gharama ya kuvua (mafuta, nyavu, muda wa mvuvi). Uvuvi ukiwa huria, faida ya mvuvi imeshaliwa na wingi wa wavuvi, kwa hiyo thamani inayopotea ni ndogo kuliko unavyotarajia, na kubwa zaidi pale ambapo BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) inadhibiti kweli. Hiyo si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kutoipamba.

Boriti, pau na fito: chukua kiasi kinachoweza kuvunwa bila msitu kurudi nyuma, si msitu wote uliosimama. Bei ya korija (miti 20) itoke kwenye gati, toa posho ya wakataji na nauli ya mtumbwi. Na angalia kama uvunaji huo unaruhusiwa. Kuzidisha korija ambazo kisheria haziwezi kukatwa ni kuhesabu kuku wa jirani.

Jambo la mwisho na labda lilipaswa kuwa la kwanza: "bila mradi" si sawa na "leo". Kama hori tayari linakatwa kila mwaka, mradi unaharibu kile ambacho kingebaki, si chote kilichopo leo. Jedwali lako liwe na safu mbili, kukiwa na mradi na bila mradi, kila mwaka, na unachopunguza ni tofauti ya hizo mbili.

---

Kwale_Buluu

Salaam kutoka Kenya. Kuhusu kaboni, kwa kuwa kuna mtu ataileta tu. Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji wa kuuza hati za kaboni pale Gazi, ulianza mwaka 2013: hekta 117 za mikoko, hati za takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Hiyo ni pesa halisi inayofika, kwa hivyo inaingia kwenye jedwali la taifa bila ubishi, baada ya kutoa gharama za upimaji, doria na uhakiki.

Ni tofauti na gharama ya kaboni kwa dunia nzima. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, mwaka 2023 liliweka dola 190 kwa tani kwa kiwango cha asilimia 2. Hasara hiyo inaangukia watu wa dunia yote na vizazi vijavyo. Ukiiingiza kwenye jedwali la halmashauri, umebadilisha ni nani anayehesabiwa bila kumwambia msomaji. Hakuna ubaya kuionyesha, lakini mstari wake uwe chini ya jumla ya taifa, peke yake, ukisema wazi ni ya dunia. Diwani atauliza "hizo dola 190 nani analeta?" na atakuwa na haki.

Na msihesabu miti pekee. Kwenye mikoko kaboni nyingi iko kwenye tope. Ule uchimbaji wa kingo anaouelezea KaaKoko ndio huo huo unaoiachilia.

---

Mezani_Mipango

Shukrani sana, nimejifunza mengi. Nimejaribu ile asilimia 3.5 kwa tarakimu mpya (518, miaka 7, mtaji 2,750) na nimepata +417. Yaani imerudi kuwa chanya! Si nimeambiwa kiwango kidogo kinasaidia mazingira? Nimekosea wapi?

---

Mkadiriaji

Hujakosea. Kizidisho ni 6.1145, jibu ni 417. Aliyekushauri ndiye aliyekariri nusu ya somo.

Kiwango kidogo cha punguzo kinasaidia chochote chenye gharama mapema na faida baadaye, na mabwawa yako nayo ni hivyo: 2,750 leo, mavuno miaka saba mbele. Mabwawa makubwa ya umeme, barabara, bandari, vyote vinapenda kiwango kidogo. Mazingira yanafaidika pale tu hasara za mbali zinapokuwa zimeandikwa kwenye jedwali. Wewe umepunguza kiwango bila kuandika hasara hizo, kwa hiyo umemsaidia mwenye mabwawa.

Ingiza urejeshaji. Tuseme milioni 12 kwa hekta (kuvunja kingo, kurudisha njia za maji, kupanda, kulinda), jumla 480, mwaka wa 8.

Asilimia 3.5: 417.3 − 364.5 = +52.8, yaani 53
Asilimia 6: 142 − 301 = −159
Asilimia 10: −228 − 224 = −452
Asilimia 12: −386 − 194 = −580

Kwa asilimia 3.5 umebaki na 53. Huduma za mikoko zikipotea kwa miaka 25, mabwawa yakiwepo na msitu ukijijenga upya, kizidisho ni 16.48. Gawanya 53 kwa hicho, kisha kwa hekta 40, unapata takriban Sh 80,000 kwa hekta kwa mwaka. Swali kwa Pwani_Uchumi halihitaji tena kuwa "mikoko ina thamani gani". Linakuwa: je, hekta moja inatoa zaidi ya Sh 80,000 halisi kwa mwaka? Hilo unaweza kulijibu kwa kaa tu.

Mbinu hii ya kutafuta mahali jibu linapogeuka ifanye na kwa hali ya neema, tani 2.4 kwa miaka 10, punguzo asilimia 10: 433, toa urejeshaji mwaka wa 11 (168), inabaki 265. Kwa miaka 25 kizidisho ni 9.077, kwa hiyo mpaka ni kama Sh 730,000 kwa hekta kwa mwaka. Na kwa ndoto za mwekezaji, tani 3 miaka 10, mpaka unaruka hadi milioni 6.7 kwa hekta. Weka namba hizo tatu mbele ya kamati. Wataona wenyewe kwamba wanachoamua ni kama wanaamini tani 3.

Kuhusu 3.5 yenyewe. Ya Uingereza imejengwa kwa kujumlisha asilimia 1.5 ya kutopenda kusubiri na asilimia 2 ya matarajio kwamba watu watakuwa na kipato kikubwa zaidi baadaye, na baada ya mwaka wa 30 inashuka hadi 3. Nchi ambayo kipato cha mtu kinatarajiwa kukua kwa kasi zaidi inapata kiwango kikubwa zaidi kwa kanuni ileile. Kwa upande mwingine, benki za maendeleo zilizoea 10 hadi 12, na hata Benki ya Maendeleo ya Asia ilishuka kutoka 12 hadi 9 mwaka 2017. Kwa hiyo onesha 6, 10 na 12, na 3.5 kama mtu ameiomba. Usichague kimoja kwa sababu kinakupa jibu unalolipenda. Milioni 100 ya mwaka wa 50 ni milioni 22.8 kwa asilimia 3, na Sh 346,000 kwa asilimia 12. Mwenye kuchagua kiwango ameshaamua nusu ya kesi.

---

Pwani_Uchumi

Niongeze mawili ambayo hayamo kwenye NPV kabisa.

Moja, nani analipa. Sheria ya Marekani ya kudhibiti mafuriko ya 1936 ilisema mradi ufanyike kama faida, kwa yeyote zitakayemfikia, zinazidi gharama. Neno "yeyote" ndilo linalotusumbua hadi leo. NPV chanya maana yake walioshinda *wangeweza* kuwafidia walioshindwa na bado wakabaki na kitu. Haisemi watafidia. Tengeneza jedwali la makundi: mwekezaji, vibarua, halmashauri, serikali kuu, wavuvi wa madema, wanawake wanaochokoa chaza na kukusanya kuni. Kwa kawaida wa mwisho ndio wenye alama ya kutoa, na kipato chao hakiko kwenye risiti yoyote, hivyo dodoso la kaya usilikwepe.

Ukifanya dodoso, usiulize "je, ungependa mikoko ilindwe?" Kila mtu atasema ndiyo. Baada ya ajali ya meli Exxon Valdez 1989, jopo la wachumi lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow likatoa mwongozo mwaka 1993: mahojiano ya ana kwa ana, swali la ndiyo au hapana kwa kiasi maalumu, na mtu akumbushwe kwamba fedha hiyo haitakuwepo kwa matumizi mengine. Kiasi kibadilike kati ya kaya na kaya. Pale fedha taslimu ni adimu, uliza kwa siku za kazi: "ungejitolea siku nne kwa mwaka kwenye doria?" kisha badilisha siku kuwa shilingi kwa bei ya kibarua ya hapo. Mwongozo ule unataka uulize mtu yuko tayari kulipa kiasi gani, si kupokea kiasi gani, kwa kuwa namba inakuwa ya tahadhari. Lakini kama kijiji kina haki ya matumizi ya hori, kimantiki ni wao wanaopaswa kulipwa, kwa hiyo taja kwamba namba yako iko upande wa chini.

Mbili, sheria na mbadala. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hakuna NPV inayofuta hilo, na tathmini ya athari kwa mazingira haibadilishwi na jedwali lako. Halafu uchambuzi wenye chaguo moja tu si uchambuzi. Uwanda wa chumvi ulio wazi nyuma ya mikoko umepimwa? Hekta 20 huko, udongo usio na tope la mikoko, maji yakisukumwa kwa pampu, mikoko ikibaki mbele kuchuja maji yanayotoka. Gharama ya dizeli itapanda, mavuno kwa hekta huenda yakadumu. Fanya jedwali lilelile kwa chaguo hilo, pamoja na la kunenepesha kaa, ulinganishe.

---

KaaKoko

Huko nyuma napo pima kina cha mita 1.5 kabla hujafurahi. Uwanda mwingine ulikuwa mikoko zamani na salfa bado imelala chini. Na mbolea ya hori ikipungua, chakula kinaongezeka: weka 5 hadi 10 kwa mia juu ya bajeti ya chakula kama jaribio.

---

Mezani_Mipango

Nashukuru wakuu, narudi kuandika upya. Moja la mwisho: kamati itataka mwekezaji aweke dhamana ya urejeshaji benki, tuseme ile 480. Hiyo niiingize kama gharama mwaka 0?

---

Mkadiriaji

Hapana. Dhamana ni mpango wa nani atashika fedha. Gharama ni kazi yenyewe ya kurejesha mwaka wa 8, na hiyo tayari umeiandika. Ukiweka zote mbili umeihesabu mara mbili. Kwenye jedwali la mwekezaji ndiyo, dhamana inaingia: inatoka mwaka 0 na inarudi akirejesha, na anapoteza riba ya katikati. Ila kiasi kiwekwe kwa bei za mwaka wa 8, si za leo. Kwa mfumuko wa asilimia 4, 480 ya leo itakuwa kama 657 wakati huo. Kama akaunti ya dhamana haina riba, halmashauri itabaki na pengo la 177 na mwekezaji ameshaondoka.